Nampeleka mzee, fundi chuma, kuona Mnara wa Eiffel: nipangeje safari?

BintiWaFundi

Salaam aleikum jamaa. Nawaandikia nikiwa Mbaraki, hapa Mombasa, nyumbani kwa mzee. Yeye yuko barazani anangoja chai. Nataka mnisaidie kupanga safari moja iliyonikaa rohoni miaka mingi.

Babangu ana miaka 76. Amefanya kazi ya chuma hapa bandarini tangu ujana wake, kwenye matishari na meli kuukuu, enzi ambazo ribiti zilikuwa bado zina kazi. Kwa asiyejua, ribiti ni ule msumari mnene wenye kichwa cha mviringo. Unapashwa moto mpaka unakuwa mwekundu, unapenyezwa kwenye tundu la mabamba mawili yaliyopandana, kisha unagongwa upande wa pili mpaka ufanye kichwa kingine. Ukipoa unajivuta, na mabamba yanabanana. Mzee ana alama za cheche kwenye mkono wa kushoto kuanzia kiganjani mpaka kisugudini. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikizihesabu akilala mchana.

Sebuleni kwetu pana picha ya Mnara wa Eiffel iliyokatwa kwenye kalenda. Hiyo kalenda yenyewe ilikwisha kabla sijazaliwa. Wageni hudhani ni pambo tu, lakini mzee huitazama kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Husema: "Wale walijenga kwa ribiti tupu."

Sasa dada yangu anaishi pembezoni mwa Paris, naye amesema njooni mwezi wa sita. Nauli ninayo. Nisichojua ni mengine yote. Magoti ya mzee hayapendi ngazi. Mimi sijawahi kuomba viza. Na nilisikia mtu akisema kwamba usipofika kileleni hujauona mnara. Nianzie wapi?

NahodhaKuze

Wa aleikum salaam dada, na Mungu akujaalie kwa nia hiyo. Anza na viza. Tiketi ya mnara utaipata kwa simu ukiwa umejilaza, viza haiji hivyo.

Ufaransa imo katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Hizo siku 15 usizitegemee hata kidogo, maana kuelekea mwezi wa sita watu ni wengi na miadi hujaa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi. Lazima muwe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na iwe inakubalika katika nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe na miezi 3 mbele baada ya siku mtakayotoka kule, na kurasa mbili tupu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kuwa mtakaa kwa dada yako, yeye ndiye wa kwenda ofisi ya meya wa mji anaokaa akaombe hati ya kuwapokea wageni. Wataangalia kama nyumba yake inatosha na kama anaweza kuwatunza. Akishaipata, awatumie hati yenyewe, si picha ya simu. Mwambie aanze wiki hii, kwa sababu kila mji una kasi yake.

Tena mzee lazima aende Nairobi mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Hilo hutoenda kwa niaba yake.

BintiWaFundi

Ahsante sana Nahodha. Hapo pa vidole umenigusa. Mwaka juzi tulikwenda kufuata karatasi fulani, mashine ikakataa vidole vya mzee mara tatu mbele ya watu. Miaka yote ya nyundo na koleo, ncha za vidole zimekuwa laini kama kokoto ya ufuoni. Kijana aliyekuwa pale akamwambia abonyeze kwa nguvu, utadhani mzee alikuwa hataki. Alirudi nyumbani hajasema neno mpaka baada ya isha.

BiMakadara

Mwanangu, pole. Hilo lilimpata marehemu mume wangu, alikuwa mchukuzi wa magunia. Fanya hivi: wiki mbili kabla ya kwenda, kila usiku mpake mafuta vidoleni, ya nazi ni mazuri, umfunge kitambaa laini alale nacho. Asishike saruji wala sabuni kali. Siku yenyewe asipake kitu, anawe maji ya uvuguvugu na ajifute. Ngozi ikiwa na unyevu wake, ile mistari hujitokeza.

Na wewe umtangulie kwenye meza, useme kwa sauti: huyu ni fundi chuma, vidole vyake vimelika na kazi. Sheria yao ya viza inalijua jambo hilo. Vikisomeka vidole saba huchukuliwa hivyo saba, na asiyeweza kabisa kwa maumbile husamehewa. Asione aibu. Mkono kama ule ni wa kupewa heshima.

KijanaWaMtongwe

Naongeza kutoka kwa yaliyonipata ili yasikupate. Wakala mmoja hapa mjini aliniambia nikope pesa niziweke benki wiki moja kabla ya kuomba, eti akaunti ionekane nono. Nikafanya. Nikakataliwa, ada ikaenda, na wakala akaacha kupokea simu. Wale wanaosoma karatasi za benki wanaona pesa iliyoingia jana kama unavyoona kiraka kipya kwenye shati kuukuu. Peleka akaunti yako ilivyo, miezi yake yote, na barua fupi inayoeleza nani analipa nini. Sema ukweli wote: mzee ni mstaafu, mimi ni bintiye, namgharamia, dada anatulaza. Kwa ukweli mtupu mara ya pili nilipata.

Na tiketi za ndege msizilipe moja kwa moja kabla ya jibu. Wekeni nafasi tu.

MwalimuTononoka

Nimesoma uzi huu nikiwa na furaha isiyo kifani. Nilifundisha fizikia miaka mingi, na mnara huu nilikuwa nikiuchora ubaoni kila mwaka. Naomba niseme na mzee, kupitia kwako.

Mzee, shikamoo. Ribiti zilizotumika pale ni 2,500,000. Vipande vya chuma ni 18,038. Chuma chenyewe ni tani 7,300, na si chuma cha pua kama cha siku hizi. Ni kile cha kale kilichosafishwa kwa kukorogwa motoni, chenye nyuzi nyuzi ndani kama mbao. Vipande vilitengenezwa karakana ya Levallois-Perret, nje kidogo ya Paris, na vingi vilifika vikiwa tayari vimeunganishwa kwa boliti za muda. Kisha boliti zikatolewa moja moja, ribiti ya moto ikaingia mahali pake. Kipande kikija na tundu lisilokaa sawa, hawakutoboa palepale. Kilirudishwa karakana. Nadhani hapo utatikisa kichwa, kwa sababu wewe unajua maana ya tundu lililolazimishwa.

Kila ribiti ilikuwa na watu wanne: mmoja wa kuipasha moto, mmoja wa kuishikilia mahali pake, mmoja wa kuipa kichwa umbo, na mmoja wa nyundo kubwa. Watu wanne kwa msumari mmoja, tena juu hewani, penye upepo!

Kazi ilianza Januari 1887 na ikaisha tarehe 31 Machi 1889, kwa maonyesho ya dunia ya mwaka huo. Miaka miwili na miezi miwili. Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote iko chini. Ile miguu minne ilijengwa ikiwa imeinama, kila mmoja peke yake, na ilibidi ikutane na mihimili ya orofa ya kwanza tundu kwa tundu. Basi wakaweka jeki za maji kwenye nyayo, na masanduku ya mchanga kwenye majukwaa. Ukitaka kuinua unasukuma jeki, ukitaka kushusha unafungua mchanga umwagike kidogo kidogo. Hivyo tani mamia kwa mamia zilisogezwa kwa kiasi cha unywele, na Desemba 1887 miguu ikashikana. Gustave Eiffel jina lake limebaki, na anastahili, ila waliochora wazo la kwanza ni wahandisi wake wawili, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, kisha Stephen Sauvestre akaupa sura. Mzee akifika, asikimbilie lifti. Azunguke miguuni kwanza.

BintiWaFundi

Maalim, nimemsomea. Aliposikia habari ya mchanga alisimama. Nasema kweli, alisimama na chai mkononi. Akasema hata wao waliwahi kushusha tishari kwenye magogo kwa mifuko ya mchanga, na kwamba mtu aliyemfundisha alikuwa akisema mchanga hauna haraka. Sasa anauliza hiyo miguu inaweza kuguswa?

MwalimuTononoka

Nyayo zimekaa juu ya misingi ya mawe, na pale chini kwenyewe chuma hukifikii vizuri. Lakini kwenye orofa na kwenye ngazi utapita mkono wako ukiwa kando ya mihimili, na ribiti zimejipanga mbele ya macho kama shanga.

MpandaNgazi_Nyali

Mimi nasema kileleni ni lazima. Ukiwa umesafiri kutoka Mombasa mpaka Paris unaishiaje njiani? Orofa ya juu iko mita 276, mnara mzima pamoja na antena ni mita 330. Na kama kuna aliye na nguvu, apande kwa miguu mpaka orofa ya pili, ngazi 674 kutokea mguu wa kusini. Nilifanya hivyo na sitasahau.

BiMakadara

Nami nilifika kileleni, mwanangu, na mamangu, yeye akiwa na magoti kama ya huyo mzee. Nikwambie nilichokiona. Kwenda kileleni unapanda lifti mpaka orofa ya pili, unashuka, unasimama foleni nyingine kungoja lifti ndogo ya juu. Mama alisimama mpaka miguu ikavimba. Tulipofika, palikuwa pamejaa watu, upepo unavuma, na mji umekuwa mdogo hata hujui unatazama nini. Dakika kumi akaniambia, tushuke. Na wakati mwingine juu hufungwa kwa upepo au msongamano, ukishafika, na huna la kufanya.

Orofa ya pili, mita 116, ndipo alipofurahi. Unaona mto Seine unavyopinda, unaona mapaa ya nyumba, unaona watu. Na chuma kiko karibu yako. Kwa kijana sawa, apande mpaka juu. Kwa mzee ambaye amekuja kutazama kazi ya mikono, kilele ni mahali penye chuma kidogo kuliko kwingine.

MpandaNgazi_Nyali

Bi, sentensi yako ya mwisho imenigeuza. Sikuwa nimefikiria hivyo. Basi kwa mzee huyu, orofa ya pili kwa lifti, na wakati wa kushuka msisahau kutoka orofa ya kwanza. Wengi hupitiliza. Iko mita 57, ni pana, watu wachache, pana sehemu ya sakafu ya kioo unaona miguu ya mnara chini yako. Tena pana kipande cha ile ngazi ya kuzunguka ya zamani iliyokuwa ikienda juu, iliyoondolewa 1983. Kimesimamishwa pale mtu akitazame.

NahodhaKuze

Habari za tiketi sasa. Za lifti hufunguliwa siku 60 kabla kwenye tovuti rasmi ya mnara wenyewe, za ngazi siku 14. Mwezi wa sita za lifti huisha haraka mno, kwa hiyo hesabu siku zako, ukae tayari siku ile zinapofunguliwa. Kumbuka Paris wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa moja. Usinunue kwa mtu yeyote anayekuja na tiketi mkononi mtaani.

Kuna ukaguzi mara mbili, wa kuingia uwanjani na wa kwenye lifti. Mabegi makubwa na chupa za glasi haziruhusiwi, na hakuna mahali pa kuwekea mizigo, kwa hiyo msiende moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Chukua saa ya asubuhi. Jua la kule si kali kama letu, ila foleni ya mchana ni ileile ya feri siku ya sikukuu.

Kwa njia: metro za Paris nyingi zina ngazi na korido ndefu. Kwa magoti, mabasi ni bora. Lakini mara moja tu mpandishe metro namba 6 kuelekea Nation, mkae upande wa kushoto. Baada ya kituo cha Passy treni inatoka juani na kuvuka mto kwa daraja, na mnara unasimama mbele yenu wote mzima, kutoka nyayo mpaka ncha. Mnashuka kituo kinachofuata, Bir-Hakeim. Nilimwona mzee mmoja wa Kifaransa akisimama kila treni inapovuka pale, na nafikiri anapita kila siku.

KijanaWaMtongwe

Pale chini kuna watu wa bangili, wanakufunga uzi mkononi kisha wanadai pesa. Kuna wanaokuletea karatasi utie sahihi huku mwenzao anaupapasa mfuko wako. Na mchezo wa vikombe vitatu, usisimame hata kutazama. Mzee aweke pesa zake kwenye mkanda ndani ya kanzu.

SalmaKibokoni

Dada, swala je? Hakuna aliyetaja. Mwezi wa sita jua Paris linazama karibu saa 4 usiku. Maghrib ni wakati ambao sisi hapa tumeshalala, na isha inakaribia usiku wa manane. Kwa mzee mwenye mazoea ya kuswali mapema na kulala, hilo litamchosha kuliko ngazi. Siku ya mnara mwachie alale adhuhuri.

Ijumaa mpeleke Msikiti Mkuu wa Paris. Ulifunguliwa 1926, kwa kuwakumbuka Waislamu waliokufa wakipigania Ufaransa katika vita vya kwanza vya dunia. Mnara wake una mita 33, wa mraba, kwa mtindo wa Afrika Kaskazini. Kando yake pana mkahawa, chai ya nanaa inakuja kwenye vigilasi, na pana kivuli. Basi mzee atakuwa ameona minara miwili kwa safari moja, mmoja wa chuma na mmoja wa adhana.

MwalimuTononoka

Salma umenena. Nami nirudi kidogo kwenye kutu, kwa kuwa mtu wa pwani lazima ataiulizia. Kibali cha ule mnara kilikuwa cha miaka 20 tu, kisha ungebomolewa. Kilichouokoa ni mawasiliano ya redio: waliweka antena kileleni, na jeshi likaona faida yake. Lakini kinachouweka hai mpaka leo ni rangi. Hupakwa takriban kila miaka 7, tani 60 za rangi, kwa mkono na kwa brashi, watu wakining'inia kwa kamba. Eiffel mwenyewe aliandika kwamba rangi ndiyo tegemeo la uhai wa jengo la chuma. Sisi tunaoishi na chumvi hewani, ambao tumeona geti la chuma likilika misimu miwili, tunaelewa kwa mwili.

SalmaKibokoni

Maalim, mnara wetu wa Mnarani pale Kilifi ni wa matumbawe, wa tangu karne nyingi, na haujui rangi. Nasema tu. Mzee akirudi mpelekeni huko pia, ni mwendo wa saa moja na nusu tu.

BintiWaFundi

Jamaa, nimekaa na mzee jana baada ya alasiri, nimemsomea uzi wote tangu mwanzo, pole pole. Nawapa tulipofikia.

Dada ameshakwenda ofisi ya meya, amepewa siku. Miadi ya Nairobi tumepata, tutapanda treni pale Miritini siku moja kabla ili mzee apumzike. Mafuta ya nazi tumeanza jana usiku. Alikaa kimya nikimfunga vitambaa, kisha akaniuliza ni nani huyo bibi wa Makadara, nimfikishie salamu zake na kwamba amemwombea mumewe.

Tumekubaliana: asubuhi, kwanza miguu yote minne, azunguke kwa muda anaotaka. Halafu lifti mpaka orofa ya pili, kushuka kwa lifti, kutoka orofa ya kwanza, kukaa. Kileleni hatuendi. Nilidhani atahuzunika. Akasema, "Juu nitakwenda kufanya nini, na kazi iko chini?"

Bado moja. Mzee ana kinyundo chake kidogo, mpini umeng'aa kwa jasho la miaka. Ndicho alichokuwa akikagulia ribiti. Unaweka kidole upande mmoja wa kichwa, unagonga upande wa pili, na kidole kinakwambia kama imeshika au imelegea. Iliyoshika inalia kama kengele, iliyolegea inajibu kama mtungi uliopasuka. Tayari amekifunga kwenye kitambaa na kukiweka sandukuni. Je, watamruhusu kupanda nacho?

NahodhaKuze

Hapana dada, kwenye ukaguzi hakitapita, na wanaweza kukichukua msikipate tena. Kiacheni nyumbani, ni kitu cha thamani.

BintiWaFundi

Nimemwambia. Alikifungua kile kitambaa, akakitazama, akakirudisha kwenye sanduku la vifaa chini ya kitanda. Kisha akainua mkono wa kulia, akagonga chuma cha dirisha mara mbili kwa pete yake ya akiki huku kidole cha kushoto kikiwa upande wa pili, akasikiliza.

"Hii inatosha," akasema. "Niulizie tu, hilo lango la lifti linafunguliwa saa ngapi?"